Kabla hujalipia mche wa bluberi

Vuli ikikaribia, simu hujaa picha za miche. Bluberi zinang'aa, stroberi ni nyekundu na kubwa kupita kiasi, na chini yake kuna namba ya kulipia. Kwa mtu wa Musoma, Bunda au Butiama mwenye ua mdogo na fedha ya kuhesabu, swali si kama matunda hayo ni matamu. Ni matamu. Swali ni lipi kati yake litakuwa limerudisha fedha yako masika yakiisha, na lipi litakuwa limekauka huku ukidaiwa na muuza maji.

Mwenye haraka achukue jibu hapa hapa. Acha mnavu wako uzae, chomeka pingili za mforosadi, sia mbegu za ntuntunu. Stroberi ni ya mwenye bomba uani. Bluberi iache. Zambarau nunua sokoni. Wengine tuendelee, maana kuna gharama ambazo muuzaji hazitaji hata umuulize mara mbili.

Kila shilingi utakayoiona humu ni ya mfano wa hesabu. Futa bei yangu, weka ya mtaani kwenu. Hesabu yenyewe haibadiliki.

Mche wa elfu tano haufiki kwa elfu tano

Tuseme mche umetangazwa kwa shilingi 5,000, na muuzaji yuko Arusha. Kwanza atakwambia utume na ya kutolea. Halafu kuna kifungashio, halafu mzigo wa basi, halafu bodaboda kutoka stendi ya Bweri hadi kwako. Ukiagiza mmoja, usafiri unaweza kuupita mche wenyewe bei. Mkiagiza kumi na majirani mnagawana nauli, na hapo ndipo bei inaanza kuonekana ya kibinadamu.

Mche uliokaa usiku kucha kwenye buti la basi hufika umelala. Nani anabeba hasara? Uliza kabla ya kutuma fedha, na jibu liwe la maandishi kwenye simu. Muuzaji wa kweli atakubali kubadilisha mche uliofika umekufa ukimpigia picha siku hiyo hiyo. Anayekujibu kwamba miche yake haifi, muage kwa heshima.

Kama tangazo linasema mche ni wa kubebeshwa, omba picha ya karibu ya shina. Mche uliobebeshwa una kovu linaloonekana, kwa kawaida shubiri moja hivi juu ya udongo. Shina laini lisilo na alama yoyote ni mche wa mbegu, na mche wa mbegu haustahili bei ya kubebeshwa.

Kuna pia wanaonunua mbegu mtandaoni kutoka nje ya nchi. Pakiti yenyewe ni ya bei ndogo, lakini kuingiza mbegu nchini kunahitaji kibali cha TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu, pamoja na cheti cha afya ya mmea kutoka kule inakotoka. Pakiti isiyo na karatasi hizo ikizuiwa, fedha imekwenda na hakuna wa kumlalamikia.

Baada ya mche ni maji. Musoma iko kwenye nyuzi moja na nusu hivi kusini mwa ikweta, na jua lake halina likizo. Juni hadi Septemba mvua ni ya kubahatisha. Chukua kitalu kidogo kinachokunywa dumu moja la lita 20 kwa siku, na dumu la mkokoteni liwe shilingi 300. Kutoka tarehe 1 Juni hadi 30 Septemba ni siku 122, yaani shilingi 36,600 kwa kiangazi kimoja. Uniti moja ya maji ya bomba ni lita 1,000, sawa na madumu 50. Kwa bei hiyo ya mkokoteni, uniti inakugharimu 15,000. Omba kuona bili ya jirani mwenye mita ujue unalipa mara ngapi zaidi yake. Asiye na bomba apande vitu vinavyovumilia kiu, basi. Hakuna ujanja mwingine.

Na uzio. Mara ni mkoa wa mifugo, na mavuno yakishatoka mashambani mbuzi hutembea wapendavyo. Mbuzi mmoja akipata upenyo, kazi ya miezi mitatu inaisha kabla hujafika na fimbo. Wavu wa chuma ni ghali kuliko miche yote utakayopanda ndani yake. Minyaa ni bure, unakata tawi kwa jirani na kuchomeka, lakini utomvu wake ukiingia machoni ni hospitali, kwa hiyo watoto wakae mbali siku ya kukata. Matawi ya miiba ni bure pia, ila mchwa huyala na kila mwaka unaanza upya. (Wenzetu wa vijiji vya Bunda vinavyopakana na hifadhi wana tembo. Kwa hao uzio si suala la bei tena.)

Ukitaka uzio unaokulipa, ipo kayaba, ule ua wa miiba mirefu wenye matunda ya manjano makali kwa uchachu. Matunda yake hutoa jamu nzuri sana. Kasoro zake ni mbili: unasubiri miaka kadhaa, na mimea dume haizai, nawe huwezi kuitambua mpaka ichanue. Panda mingi au usipande.

Mnavu: tayari unao

Tunda dogo la bei ya chini kuliko yote Mara liko kwenye bustani ya mboga, na wengi wetu tunaling'oa. Mnavu tunaula majani. Wajaluo wa Rorya wanauita osuga. Ukiachwa, mnavu wa majani mapana, ule ambao wataalamu wanauita Solanum scabrum, huzaa vishada vya matunda meusi ya zambarau, makubwa kuliko ya mnavu mdogo wa porini. Marekani mmea huo huo huuzwa kwenye pakiti za mbegu kama tunda la kupikia jamu na mkate wa matunda. Wanalipa fedha kwa kitu ambacho kwetu huota nyuma ya jiko.

Tena biashara hiyo ina historia yake. Mwaka 1909 mfanyabiashara wa mbegu wa Marekani, John Lewis Childs, alitangaza tunda jipya aliloliita Wonderberry, lililotoka kwa Luther Burbank, mzalishaji mashuhuri wa mimea wa California. Burbank alidai amechanganya aina mbili za mimea na kupata kitu ambacho hakijawahi kuwapo. Magazeti ya kilimo yakamshukia: wapinzani wake wakasema kilichouzwa ni mnavu wa kawaida uliopewa jina la kifahari, na wengine wakasema ni sumu. Leo wataalamu wa mimea wanauweka mmea ule kwenye Solanum retroflexum, jamii ya mnavu ambayo asili yake ni kusini mwa Afrika. Ukikutana na tangazo la tunda la ajabu ambalo hakuna mwingine analo, mkumbuke Childs na pakiti zake.

Gharama ya kuanza ni sifuri. Chuma matunda yaliyoiva sawasawa, yakamue ndani ya bakuli la maji, mbegu zitazama, zioshe na uzikaushe kivulini. Sia kitaluni mvua zikianza, hamishia bustanini baada ya mwezi hivi, nafasi ya nusu mita. Utaanza kuchuma matunda miezi mitatu baadaye, ukichelewa sana minne. Mbegu bora za pakiti zipo kwenye maduka ya pembejeo, lakini zimechaguliwa kwa ajili ya majani, na mmea unaosifiwa kwa kuchelewa kutoa maua ndio usioutaka hapa. Kwa matunda, mbegu za bibi jirani zinatosha na ni za bure.

Hapa kuna la kuamua: majani au matunda. Ukichuma majani kila wiki, maua yanachelewa. Usijaribu kupata vyote kwenye shina moja. Tenga mistari ya mboga, na mashina sita au manane pembeni usiyaguse.

Sasa usalama, na hapa sina utani. Tunda bichi la kijani la mnavu lina sumu, na halipikwi likawa salama. Hata lililogeuka jeusi juzi bado. Litazame kwa karibu: likianza kuiva hung'aa kama limepakwa mafuta, kisha baada ya wiki moja au mbili mng'ao hutoka, ngozi inakuwa butu, tunda likaminyika kidogo kati ya vidole. Hapo ndipo unachuma. Onja moja; likiwa na uchungu mkali, tema, na shina hilo ubaki kulila majani. Watoto wafundishwe tofauti ya mnavu na ndulele, yale matunda ya manjano ya mti wa miiba kando ya njia. Ndulele haliliwi kabisa, liwe bichi au limeiva.

Adui wa mnavu ni yule yule wa nyanya. Mdudu kantangaze aliingia Tanzania mwaka 2014 na hachagui: nyanya, bilinganya, mnavu, vyote anatoboa. Usipande mnavu pale ulipotoa nyanya msimu uliopita, na majani yenye vichuguu vyeupe yachome. Usinunue dawa ya kupuliza kwa mashina manane. Chupa moja ya kiuatilifu itakugharimu zaidi ya mavuno yote, na matunda unayochuma kila baada ya siku mbili hayana muda wa kusubiri dawa iishe.

Forosadi na ntuntunu

Mforosadi hauhitaji mche wa dukani. Ukiona mtu anauza mche wa forosadi kwa bei ya maana, anakuuzia kiriba na udongo. Tafuta mti wenye matunda unayoyapenda, omba tawi lililokomaa la rangi ya kahawia, unene wa penseli au kidole. Kata pingili za shubiri moja zenye macho matatu au manne, zichomeke kwa kulaza kidogo, theluthi mbili ziwe ardhini. Wakati ni mwanzo wa mvua. Chomeka sita, nne zikishika, umeshinda, na mbili za ziada ni za kumpa jirani.

Utaona matunda machache mapema, pengine mwaka huo huo, lakini hesabu mavuno ya kweli kuanzia mwaka wa pili. Uzuri wa mti huu ni kwamba ukiupogoa na kuumwagilia, hutoa machipukizi mapya yenye maua, kwa hiyo huhitaji kusubiri msimu kama wa embe. Majani yake mbuzi na sungura wanayapenda mno. Hiyo ni faida ukiyakata wewe, na hasara wakijikatia wenyewe. Mti ukishika mizizi unavumilia kiangazi kwa maji ya kuoshea mboga na mchele. Kwa asiye na bomba, hapa ndipo pa kuweka nguvu.

Kasoro yake ni moja na ni kubwa. Tunda la forosadi halina subira. Ukichuma asubuhi, jioni limeanza kutoa maji, kesho kutwa ni la kutupa. Kulisafirisha kutoka Kiabakari hadi soko la Nyasho kwenye ndoo ni kuuza uji. Ama uyale nyumbani, ama uyapike siku hiyo hiyo. Na usipande karibu na kamba ya nguo. Madoa yake hayatoki kwa sabuni ya kawaida, na ndege wakila watayafikisha kwenye shuka zako hata kama mti uko mbali.

Ntuntunu ni jina nililolichukua Uganda, wanakolila na kuliuza sana: tunda la manjano, la duara, ukubwa wa goroli, lililofunikwa na ganda jepesi linalokauka likawa karatasi. Asili yake ni milima ya Andes, Amerika Kusini. Huota kwa mbegu, na tunda moja lina mbegu zaidi ya mia. Kwa hiyo usinunue mche. Nunua tunda, au omba kwa mtu aliyetoka Kampala au Bukoba, kula nusu na nusu ifanye mbegu. Pakiti ya mbegu ya dukani ni ya mtu aliyekosa tunda kabisa.

Huzaa miezi mitatu au minne baada ya kuhamishwa kitaluni. Lipe nafasi ya mita moja na mti wa kuegemea. Usilimwagie mbolea, samadi ikizidi utavuna majani. Nalo ni ndugu wa nyanya, kwa hiyo kantangaze na mnyauko vinalihusu, na eneo lililokuwa na nyanya si lake. Udongo wa mbuga unaotuamisha maji huliua upesi; inua tuta.

Faida inayoliweka mbele ya wenzake ni ganda. Tunda likiiva huanguka lenyewe na ganda lake, unaokota. Likihifadhiwa kavu ndani ya ganda, mahali penye hewa, linakaa wiki kadhaa bila friji. Fikiria maana yake kwa mtu asiye na umeme: unakusanya kidogo kidogo mpaka utoshe sufuria, au mpaka siku ya gulio. Hakuna tunda jingine katika makala hii linalokupa nafasi hiyo. Angalizo ni lile lile la mnavu: la kijani haliliwi. Lichumwe au liokotwe likiwa la manjano iliyokolea.

Stroberi, bluberi, zambarau

Stroberi inapenda baridi. Ndiyo maana unaisikia Lushoto, Arusha, Iringa na Mbeya. Musoma, kwenye mita 1,100 na ushei juu ya usawa wa bahari, joto la mchana huifanya itoe vikonyo vya kutambaa badala ya matunda. Inawezekana kuipata, hasa Butiama kulikoinuka kidogo, kwa kivuli cha mchana, matandazo ya majani makavu na maji ya kila siku. Rudi kwenye ile hesabu ya 36,600. Weka pia kwamba mashina huchoka baada ya miaka miwili au mitatu na lazima upande upya, ingawa angalau mapya unayapata bure kutoka kwenye vikonyo. Kama una mita ya maji na watoto wanaoipenda, panda mashina kumi kwenye ndoo zilizotoboka. Kama unafikiria biashara, wapishe wa Lushoto.

Bluberi nitaisema kwa kifupi kwa sababu haistahili zaidi. Inataka udongo wenye tindikali, pH ya 4.5 hadi 5.5 hivi, na maji ya ziwa letu yana pH ya juu ya 7. Kila ukimwagilia unaharibu ulichojenga. Kenya, kule Nanyuki na Murang'a, kampuni zinazoilima huweka mitaji mikubwa kwenye mimea hiyo na maji yake. Wewe una ndoo na samadi. Mche utafika na majani ya kijani, utageuka wa manjano ndani ya miezi michache, na muuzaji atakushauri ununue mbolea yake maalumu.

Zambarau ni hadithi nyingine. Mti ni bure, mbegu unayotema ikipandwa siku chache baada ya kuliwa inaota bila matatizo. Lakini ni mti mkubwa, wa mbegu huchukua miaka kama minane kuzaa, na unapaswa kukaa mita kumi kutoka nyumbani. Mwenye eneo aupande kwa ajili ya wajukuu. Mwenye ua anunue fungu barabarani wakati wa msimu. Kwa jamu na juisi, zambarau za msimu ni nafuu kuliko chochote utakachopanda ukahesabu jasho lako.

Asiyetaka kusumbuka na lolote kati ya haya asiidharau choya. Si tunda kwa maana ya kweli, unachokula ni kikombe chekundu cha ua. Lakini inapandwa na mvua, haihitaji uzio wa gharama, inakaushwa juani ikakaa mwaka mzima, na jamu yake huganda bila ubishi. Kwa uchachu na rangi, inayashinda mengi yanayotangazwa kwa picha.

Jikoni ndiko fedha inakovuja

Matunda yenyewe ni ya bure au karibu na bure. Sukari si ya bure. Waliokuwa na biashara ya vitafunwa mapema mwaka 2024, sukari ilipoadimika nchini, wanajua jinsi kilo moja inavyoweza kukuvuruga mahesabu. Jamu ya kukaa miezi nje ya friji inataka sukari karibu sawa na uzito wa matunda: kilo kwa kilo. Ukipunguza ikawa nusu, umeokoa fedha lakini umepata kitu cha kuliwa ndani ya wiki mbili, mahali pa baridi. Vyote viwili ni halali. Kosa ni kupika ya nusu sukari kisha ukaipanga kabatini.

Kwa mnavu, hivi ndivyo inavyopikwa. Vikombe vinne vya robo lita vya matunda yaliyoiva na kufifia mng'ao, yameoshwa, vikonyo vimetolewa. Yafunike kwa maji, tia nusu kijiko cha chai cha magadi soda, chemsha dakika kumi. Povu la kijani litapanda na kukutia shaka. Ni la kawaida. Mwaga maji yote na usuuze. Rudisha matunda sufuriani na nusu kikombe cha maji, yaponde, yapike mpaka ngozi zilainike. Kisha maji ya ndimu mbili na vikombe viwili vya sukari, ambavyo ni kama gramu 400. Koroga mpaka tone likiwekwa kwenye sahani baridi lisitembee. Bila ndimu, jamu ya mnavu ni tamu isiyo na maana; ndimu ndiyo inayoipa ladha, na rangi inakolea mpaka sufuria inaogopesha.

Forosadi haigandi vizuri peke yake. Usikimbilie dukani kununua unga wa kugandisha. Tia mapera mawili yasiyoiva sana yaliyokatwakatwa, au funga mbegu za ndimu kwenye kitambaa safi na uzitumbukize wakati wa kupika, kisha uzitoe. Ntuntunu inaganda yenyewe. Iponde tu na upike na robo tatu ya uzito wake wa sukari.

Nishati ni gharama inayosahaulika. Jamu kwenye sufuria ndefu nyembamba inakula mkaa kwa saa nzima. Tumia sufuria pana, matunda yawe kina cha vidole vitatu, maji yatakauka kwa nusu ya muda. Na ukichuma kidogo kidogo, usipike kila siku. Hapo tena ntuntunu inashinda, na forosadi inakulazimisha kuwasha jiko inapotaka yenyewe.

Ukweli ni kwamba nyumbani huhitaji jamu. Chukua kikombe cha forosadi au ntuntunu, kijiko cha sukari, dakika tano motoni, umwagie juu ya maziwa mgando. Mkoa wenye ng'ombe wengi namna hii hauna sababu ya kununua mtindi wa ladha kwenye kikopo. Mchuzi huo huo mzito ukikorogwa kwenye uji wa ulezi, mtoto anayekataa uji anaomba wa pili. Sukari iliyotumika haifiki robo ya ile ya jamu, na chupa haihitajiki.

Ukitaka kuuza

Mbichi, uza ntuntunu, ikiwa ndani ya ganda lake. Inavumilia safari ya Bunda hadi Musoma kwenye kikapu, na kisichouzika leo unakirudisha nyumbani kikiwa kizima.

Jamu ya kuuza ni habari tofauti. Tangu 2019 usalama wa chakula uko chini ya TBS, shirika la viwango, na chupa inayoingia dukani inahitaji alama yake. Anzia ofisi ya mkoa ya SIDO, shirika la viwanda vidogo, uliza gharama za mjasiriamali mdogo na uandikiwe, kabla ya kuchapisha lebo hata moja. Kwa ushauri wa mimea, Butiama ipo chuo kikuu cha kilimo na teknolojia kinachobeba jina la Mwalimu Nyerere; kuuliza hakulipiwi.

Kisha piga hesabu ya chupa. Tuseme chupa mpya ya kioo na kifuniko chake, pamoja na mzigo wa basi kutoka Mwanza, ni shilingi 1,200, sukari iliyomo 900, mkaa na ndimu 400, lebo 200. Hizo ni 2,700 kabla hujajilipa saa zako, na mfukoni bado hakujaingia kitu. Ukiiuza 3,000 kwa mgeni aliyekuja kuona makumbusho ya Mwalimu pale Mwitongo, umemfanyia kazi muuza chupa. Mgeni huyo anaweza kulipa zaidi, jirani yako hawezi. Kwa hiyo jirani muuzie kwa kikombe, aje na chombo chake.

Chupa za plastiki za maji usizijaribu, jamu ya moto inazikunja. Chupa za asali na za siagi ya karanga zinafaa tena zikichemshwa dakika kumi. Mteja anayerudisha chupa mpunguzie shilingi 500, bado utakuwa umeokoa 700 kwa kila moja. Vifuniko ni jambo jingine: chenye kutu au mpira uliochanika hakirudiwi, na vipya huuzwa peke yake, kwa hiyo agiza vichache vya akiba mzigo wa chupa unapokuja, nauli iwe moja.